Utepe wa Kijani na Siku ya Mikono

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu ya mvua, katika wodi ya lishe ya hospitali moja huko Masisi, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa na shahada mpya ya chuo kikuu na viatu visivyojua matope. Mkuu wa wodi alikuwa muuguzi wa rika la mama yangu, ambaye kila mtu alimwita Mama Chef. Hakuniuliza nilikuwa nimesoma nini. Aliniongoza hadi kitanda cha dirishani, alikolala mtoto wa kiume mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizopauka zikawa na rangi ya ndevu za mahindi, na ngozi iliyokuwa ikibanduka mapajani. Akaubonyeza mguu mmoja kwa kidole gumba, akauachia. Shimo la kidole likabaki pale pale, kama alama kwenye udongo mbichi wa mfinyanzi.

"Hii njo bwaki," akasema. "Kule ku chuo banaiitaka namna gani?"

Nikamtajia jina refu la vitabuni: kwashiorkor, utapiamlo unaovimbisha mwili. Akatikisa kichwa kwa upole.

"Sawa. Ile jina utaandika ku fishi ya mugonjwa. Ku mama yake utasema bwaki, na utasema pole-pole, juu hii neno inachomaka. Sasa muguse ku paji ya uso."

Nikamgusa. Paji lilikuwa la baridi, na nikasema kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu kwamba mtoto hana homa.

"Na ile furaha yako njo itatuulia watoto," akasema Mama Chef, bila kukasirika. "Mutoto wa bwaki anaweza kuwa na nimonia mapafu yote, na uso yake iko baridi kama jiwe ya mutoni. Mwili yake haina kuni ya kuwasha moto. Hapa mutoto mwenye analia, anatupa kikombe, anakukojolea, ule iko muzuri. Mwenye ananyamaza, ule njo umuogope."

"Basi nitawaogopa wote," nikajibu, kwa maana wodi nzima ilikuwa kimya.

Mama mmoja wa kitanda cha jirani akacheka. "Mama Chef, huyu mupya iko na akili ao iko na woga?"

"Tutaona," akasema Mama Chef. "Yote mbili inasaidiaka."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnazikuta kanuni zimekwisha andikwa na kubandikwa ukutani. Sisi tulizipokea hivyo, kitanda kwa kitanda. Kila mtoto aliyeingia alipewa dawa ya kuua vijidudu hata kama hakuonyesha dalili ya maambukizi, kwa sababu kukosa dalili kwenyewe kulikuwa dalili. Kisha tulimlisha maziwa mepesi ya tiba, kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa kuwa moyo na ini vilivyodhoofika haviwezi kubeba karamu ya ghafla. Nimewahi kuona mtoto akifa kwa kulishwa na shangazi mwenye huruma. Hamu ya kula iliporudi tulihamia maziwa mazito, na baadaye pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, mafuta na madini. Maendeleo tuliyapima kwa mizani na kwa utepe unaozungushwa mkononi, kati ya bega na kiwiko, wenye rangi tatu: nyekundu ya hatari, njano ya tahadhari, kijani ya salama. Akina mama walizijua rangi hizo kabla ya kujua majina yetu. "Amefika ku kijani?" ndiyo iliyokuwa salamu ya asubuhi.

Dirisha la wodi lilitazama barabara. Kila siku tuliziona pikipiki zikishuka kuelekea Goma zimefungwa madumu ya maziwa na jibini za mviringo zilizopangwa kama sahani. Mama mmoja wa jamii ya wafugaji, aliyekuwa akimlisha mwanawe kwa kijiko, aliniona nikizitazama.

"Banafikiri sisi tunaogaka maziwa," akasema. "Kumbe ng'ombe yangu ilibaki moja tu, na yenyewe iko na huzuni."

"Na sisi banafikiri tunalalaka juu ya maharagi," akajibu mkulima wa kitanda cha pili. "Vita inakula shamba, vita inakula ng'ombe. Vita ingekuwa mutoto, ingekuwa kijani ya kweli."

Wakacheka wote wawili, na mimi pamoja nao. Hata hivyo sijaacha kuhuzunishwa na picha ile ya chakula kikipita chini ya dirisha la watoto wenye njaa, bila mtu yeyote wa kumlaumu, kwa maana aliyekuwa akikiuza alikuwa mzazi anayetafuta chumvi, sabuni na ada ya shule.

Kilichonisumbua zaidi kilianza kuonekana mwaka wa pili. Watoto tuliowaruhusu wakiwa kwenye kijani, mashavu yamejaa, walikuwa wakirudi. Hawakurudi na bwaki. Walirudi na magonjwa ya kawaida, kuhara, surua, kikohozi ambacho kaka na dada zao walikuwa wameugua kwa siku chache na kupona. Wao hawakupona. Nilimpelekea swali hilo Daktari Mkurugenzi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyezoea kusema nusu ya sentensi na kuiacha nusu nyingine usoni mwake.

Hospitali ilikuwa na mashine ya ekografia, ile inayotumia sauti tusizozisikia kuchora picha ya ndani ya mwili. Ilikuwa ya wajawazito. Alasiri moja ambayo hapakuwa na foleni, Daktari aliniambia nimlete mtoto mnene wa muuguzi mmoja, na baada yake mtoto mmoja wa wodini. Akamlaza wa kwanza, akampaka ile rojo ya baridi kifuani, akaegemeza kichwa cha mashine juu ya mfupa.

"Unaona hii kivuli juu ya moyo? Kama kofia?"

"Naiona."

"Timusi." Akamfuta mtoto, akamlaza yule wa wodini. "Na hapa?"

"Sioni kitu, Dokta."

"Njo hivyo."

Niieleze tezi hii, maana kazi yangu yote iliyofuata niliifanya nikiwa na kivuli chake akilini. Timusi ni tezi laini iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Kwa mtu mzima husinyaa na kugeuka mafuta, na ndiyo sababu wengi huishi na kufa bila kusikia jina lake. Kwa mtoto ndiyo chuo cha walinzi wa mwili. Chembe nyeupe za damu huzaliwa katika uboho wa mifupa zikiwa hazijui lolote. Baadhi ya chembe hizo husafiri hadi kwenye timusi, na humo hufundishwa kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Zinazoshindwa huangamizwa humo humo. Zinazofaulu hutoka kwenda kulinda damu, mapafu na utumbo. Mtoto akikosa chakula, hasa protini na madini kama zinki, mwili huanza kubana matumizi ili moyo na ubongo visizimike, na timusi ni miongoni mwa vinavyobanwa mapema. Homoni za dhiki hupanda na kuziua chembe changa kwa wingi. Tezi hunywea mpaka ikabaki kama utando. Chuo kikifungwa, mlinzi mpya hapatikani, na wale wanaotoka hutoka kabla ya kuhitimu.

Somo kubwa lilikuwa bado. Tulimrudisha mtoto yule wa wodini kwenye mashine siku ya kuruhusiwa kwake. Utepe ulikuwa kijani, mama yake amekwisha kunja kanga. Daktari akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Mikono imerudi," akasema. "Mashavu imerudi. Hii, bado."

Mwili hujenga nyama kabla ya kujenga ulinzi. Utepe hupima mkono. Hakuna utepe wa kupima tezi. Nilimuuliza tufanye nini.

"Tungebakisha yeye wiki zingine. Zinki, maziwa, na asikae karibu na watu wenye kukohoa."

"Basi tumbakishe."

Akanionyesha barazani kwa kidevu. Akina mama walikuwa wamekaa mikekani, watoto wao mapajani, wakisubiri vitanda. "Chagua mwenye atalala inje," akasema.

Sikuchagua. Yeye pia hakuchagua. Kanuni ya utepe ilichagua kwa niaba yetu, na mama yule akatushukuru, akapanda pikipiki na mwanawe mgongoni.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Buleusa, katika wilaya ya Walikale, kwenye kituo kidogo cha afya kilichozungukwa na mashamba ya mihogo na maharagwe. Mkuu wangu sasa alikuwa muuguzi kiongozi wa kituo, ambaye kila mtu alimwita Papa Titulaire. Alikuwa mcheshi, mwimbaji wa bass kanisani, na mwenye subira kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi. Hapakuwa na mashine ya ekografia. Palikuwa na mizani, utepe, kabati la dawa ambalo mara nyingi lilikuwa tupu, na mimi, ambaye watu walianza kuniita Mama Nutri, yaani mama wa lishe.

Huko ndiko nilikokutana na siku ya mikono. Katika kanisa la kilima kile, mtoto mchanga anayetolewa nje kwa mara ya kwanza, au mtoto aliyeinuka kutoka ugonjwa mkubwa, huletwa mbele ya watu Jumapili. Mama humkabidhi mtu wa benchi la kwanza, kisha mwenyewe hubaki amesimama mbele, mikono mitupu. Mtoto hupita mkono kwa mkono, benchi kwa benchi. Kila anayempokea humwekea shavu lake shavuni na kumtaja jina. Wa mwisho, aliyekaa karibu na mlango, huinuka na kumbeba kupitia katikati ya kanisa lote hadi kwa mama yake. Mama haruhusiwi kupiga hatua kumfuata. Husubiri arudishiwe.

Sijaona ibada nzuri kuliko hiyo. Kwa mama wa mtoto wa bwaki ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu bwaki huko haihesabiwi kuwa ugonjwa tu. Watu husema mama amemwachisha mtoto ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine, au kwa sababu ya mwanamume. Mtoto akipita mikononi mwa kijiji kizima na kurudi, maneno hayo hukoma. Lakini mimi nilikuwa nimekiona kile kioo. Nilijua kwamba tulikuwa tukiwatoa watoto kituoni siku ya Ijumaa, utepe ukiwa kijani na kifua kikiwa hakina mlinzi, na Jumapili wanapita kwenye mashavu ya wote wenye makohozi ya msimu wa mvua. Wiki iliyofuata wengine waliletwa tena kwetu, kimya.

Nilimweleza Papa Titulaire, na kwa msaada wake nikamweleza mchungaji. Tulikubaliana kuomba familia zingoje. Mtoto aendelee na pakiti zake, na zinki kila ilipopatikana, akae nyumbani kwa miezi miwili mitatu, ndipo aende kanisani. Mchungaji alikubali kwa shida. "Mama Nutri," aliniambia, "unaomba watu washukuru kwa kukawia." Nikamjibu kwamba naomba hivyo hasa.

Mtu aliyelipa gharama ya ombi langu alikuwa Mama Asifiwe, mkulima kijana aliyekuwa amezika mtoto mmoja kabla ya kumzaa Asifiwe. Asifiwe alikuwa binti wa mwaka mmoja na nusu, aliyefika kwetu akiwa na macho makubwa na bila sauti, na aliyepona polepole hadi akawa na tabia ya kuivuta herini ya kila anayeinama. Siku utepe wake ulipofika kijani, mama yake alikuwa amekwisha osha kitenge cha Jumapili. Mama mkwe wake, ambaye tulimwita Koko, alikuwa amekaa naye kwenye benchi ya kituo.

Nilieleza yote, kuhusu tezi, chuo, na walinzi wasiohitimu. Koko alinisikiliza huku akitafuna muwa.

"Mutoto mwenye anafichwa," akasema, "banafikiri iko na aibu."

"Hafichwi, Koko. Analindwa."

"Ku macho ya jirani, ni kitu moja."

Mama Asifiwe alingoja Koko atoke kutema makapi ya muwa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Nutri, wewe unarudia ku kazi. Mimi narudia ku majirani. Unajua bananiita namna gani? Banasema nilimuua wa kwanza, na huyu wa pili, muganga alimunyang'anya mu mikono yangu. Jumapili moja tu. Anapita, anarudi, banafunga kinywa."

"Nakuomba ungoje mavuno ya maharagi."

"Ni mbali."

"Najua."

Alimtazama mtoto, aliyekuwa akiivuta herini yangu. "Tezi yenyewe, wewe uliiona?"

"Ya kwake sikuiona. Hapa hatuna mashine. Niliiona kwa wengine waliokuwa kama yeye, na wengine hao walikufa wakiwa wanono."

Akakunja kile kitenge alichokuwa amekuja nacho, polepole, mara baada ya mara, mpaka kikawa kidogo. "Basi maharagi," akasema.

Alitimiza ahadi yake kuliko familia nyingine yoyote. Jumapili alibaki nyumbani na mtoto. Wanawake waliokwenda kisimani walimuuliza kama binti yake amekwisha geuka kuwa askofu, maana haonekani ila kwa miadi. Alimjibu mmoja wao, Papa Titulaire alinisimulia, kwamba askofu anasalimia watu wenye wameoga. Kila alipokuja kuchukua pakiti alimweka Asifiwe mezani kwangu kama mtu anayeweka kazi yake ipimwe. Mtoto alikuwa akipanda. Alianza kutembea. Maharagwe yalichanua, yakafunga maganda. Mama yake alikitoa tena kile kitenge na kukianika.

Nilikuwa nimeshuka Masisi kuchukua dawa wakati milio ya risasi ilipofika Buleusa. Kijiji chote kilikimbia kwa njia za msituni, maharagwe yakabaki shambani yakiwa karibu kukauka. Niliposikia kwamba watu wetu wamekimbilia kijiji cha Mpofi nilipata pikipiki, nikafika huko siku chache baada yao. Walilala katika madarasa ya shule, bega kwa bega, watoto katikati ili wapate joto. Darasa zima lilikuwa likikohoa. Njiani mtoto aliyechoka alibebwa na yeyote mwenye nguvu, akapokezanwa milima yote ile. Asifiwe alikuwa amepita katika mikono mingi kuliko ya kanisa zima.

Vijana wawili wa kujitolea walikuwa wakipanga foleni ya wagonjwa nje ya darasa. Walifanya walivyoweza, bila kipimajoto, wakigusa kila mtoto kwenye paji la uso na kuwatanguliza wenye moto. Nilimkuta Mama Asifiwe mwisho wa foleni, mtoto amelala kifuani mwake.

"Anaendelea muzuri," akaniambia kabla sijauliza. "Banamugusa, banasema hana moto. Nilifurahi."

Niliinama. Herini yangu ilining'inia mbele ya uso wa mtoto, na mtoto hakuivuta.

Nilimdunga dawa niliyokuwa nimeibeba. Niliwaomba wale vijana wamweke mbele, nao wakamweka mara moja, wakiniangalia kwa mshangao, na nikawaeleza yale niliyofundishwa na Mama Chef, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya huku nikisubiri dawa ifanye kazi. Kifua kilikuwa kikiingia ndani chini ya mbavu kila alipovuta pumzi. Alikufa kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata, akiwa na mikono ya mviringo na utepe ambao, kama ningeufunga, ungesoma kijani.

Papa Titulaire alichimba kaburi pamoja na mchungaji. Aliporudi alinawa mikono, akakaa karibu nami. "Tulimulinda na kikohozi ya watu," akasema. "Hatukuweza kumulinda na vita. Usichanganye hizo mbili."

Mama Asifiwe alikuja jioni ile, kabla jua halijazama. Nilijiandaa kwa hasira yake. Hakuwa nayo.

"Hukukosea, Mama Nutri," akasema. "Nimefikiri sana, hukukosea. Lakini ungeniachia ile Jumapili moja. Leo ningekuwa nayo."

Nimeyachunguza maneno hayo kwa miaka mingi, kwa akili ya chuo kikuu na kwa ile niliyoipata wodini. Kwa kipimo cha ujuzi, ushauri wangu ulikuwa sahihi, na ningeutoa tena kesho kwa mama mwingine; watoto kadhaa wa Buleusa ambao familia zao zilingoja wako hai na wanasoma. Lakini nilipouliza mtoto anahitaji nini, nilihesabu protini, zinki, muda, na kukaa mbali na makohozi. Katika hesabu hiyo mama hakuwamo. Nilimwomba akopeshe furaha yake kwa wakati ujao, katika nchi ambayo wakati ujao ni mali isiyo na mlinzi. Laiti ningekaa naye tukatafuta njia ya katikati: mama amesimama na mtoto mlangoni, watu wakimwimbia kutoka kwenye mabenchi, majina yakitajwa bila mashavu kugusana. Njia hiyo niliifikiria baadaye, na makanisa mawili yaliikubali. Ilikuwa rahisi. Ilichelewa kwa mtu mmoja.

Sikustaafu kwa umri. Pikipiki iliteleza nikiwa naelekea Mpofi kwa mara nyingine, na mgongo wangu ukakataa barabara tangu siku ile. Sasa naishi Masisi, nikifundisha wauguzi wachanga siku nguvu zinaporuhusu. Wana utepe bora kuliko wetu, na wengine wana mashine za ekografia zinazobebwa mkobani. Bado vitanda havitoshi, na bado jibini hupita. Huwaambia waogope ukimya, wasiamini paji la baridi, na wakumbuke kwamba mtoto anayetoka kwao akiwa mnono anaweza kuwa nyumba iliyopakwa rangi kabla ya kuwekewa mlango. Kisha huwaambia wamuulize mama atakaporudi atawaambia nini majirani, na wakae mpaka amalize kujibu.

Mwaka huu, sokoni, mwanamke aliyekuwa akipima maharagwe aliniita kwa jina la zamani. Alikuwa Mama Asifiwe. Familia yake ilikuwa imehamia upande huu wa vilima, pamoja na majirani wengi wa Buleusa na mchungaji wao.

"Jumapili uko wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani. Mgongo unaniuma."

"Kuja na mugongo yako. Kuko siku ya mikono. Nilipata mutoto, jina yake Aksanti."

"Ana miezi mingapi? Ananyonya vizuri?"

"Mama Nutri," akasema, akicheka, "umeanza kupima na hujamuona."

Nilikwenda. Koko, aliyezeeka na bado mkali, alinipokea mlangoni na kunikalisha pale pale, benchi la mwisho, kwenye kona. Nikadhani ni kwa ajili ya mgongo wangu. Mama Asifiwe alisimama mbele, amevaa kitenge ambacho nilikitambua, mikono mitupu, na mtoto akaanza safari yake. Niliyafuata mashavu yote. Nilisikiliza kila kifua kilichokohoa, kwa maana kazi haiachi kuwa kazi. Nilijikumbusha kwamba huyu hakuwa na bwaki, kwamba anayelishwa maziwa ya mama timusi yake huwa kubwa, na kwamba katika umri wa kunyonya tezi ile imekaa juu ya moyo kama kofia. Jina lake lilisogea kutoka benchi hadi benchi, Aksanti, Aksanti, mpaka mtu wa pembeni yangu akaligeuza kwangu pamoja na mtoto mwenyewe.

Alikuwa mzito, mwenye joto la kawaida. Nilimwekea shavu, nikamtaja. Mkono wangu ulikuwa umetulia juu ya mfupa wa kifua chake bila mimi kuuagiza. Vidole havisikii timusi, na nilijua hivyo, lakini niliuacha hapo pumzi moja zaidi. Akaikamata herini yangu, akavuta kwa nguvu zake zote, na nilipoitoa vidoleni mwake akapiga kelele iliyojaza kanisa.

Watu walicheka. Ndipo nilipoona kwamba baada yangu hapakuwa na mtu, ni mlango tu, na kwamba Koko alikuwa ameniweka hapo akijua. Nikainuka na mgongo wangu unaouma, nikapita katikati ya mabenchi na mtoto anayelia. Mama yake hakupiga hatua. Alisubiri, kama desturi inavyotaka, mikono imenyooshwa, na mimi nikamrudishia mwanawe.